Kiwanja cha ndege cha kijiji: kuanzia jembe la kwanza mpaka mgonjwa anaruka

Ndugu zangu, nipo kwenye kamati ya kiwanja cha ndege cha kijiji chetu huku vilimani mkoa wa Lindi mwaka wa kumi na moja sasa, na kila mvua zikikaribia napigiwa simu na watu wa vijiji vingine, wengine mpaka kutoka upande wa Masasi na Newala, wanauliza na wao waanzie wapi. Basi nayaandika yote hapa, mwenye kijiji ambacho gari haliingii kuanzia Desemba achukue. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar kukatika kule Somanga, hata watu wa mjini walionja kile ambacho sisi wa milimani tunakijua kila masika: unaye mgonjwa, unazo hela za nauli, lakini njia hakuna.

Hatua ya 1. Maneno kabla ya jembe

Msikate hata mti mmoja kabla ya kukaa. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kwahiyo jambo liende serikali ya kijiji halafu mkutano mkuu wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari na watu wasaini. Ila huku kwetu muhtasari peke yake hautoshi jamani. Shamba ni la ukoo na kwenye ukoo mwenye neno ni mjomba, unaweza ukakubaliana vizuri kabisa na kijana mwenye mikorosho halafu mjomba wake akaja wiki ya pili akakaa katikati ya ranwei, ile njia ndege inapokimbilia, na hatoki. Nendeni kwa wajomba kwanza, na mikorosho ihesabiwe mti kwa mti mwenyewe akiwepo, fidia yake ijulikane kabla haijakatwa, maana mkorosho mmoja ni ada ya mtoto.

Wakati huohuo tafuteni watu wa ndege. Kuna mashirika ya ndege za wagonjwa na za kimisheni zinazotua kwenye viwanja vya udongo, mkaongee na yule mtakayemtegemea, awatumie rubani aje aone eneo kwa macho yake kabla hamjachimba. Na TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wajue tangu mwanzo, wao ndio wenye mamlaka ya usalama wa viwanja vya ndege nchini. Nimeona kijiji kimefyeka miezi miwili, rubani alipokuja akatazama kile kilima kilicho mbele akatikisa kichwa tu. Nguvu yote ile ya watu, inauma sana.

Hatua ya 2. Kuchagua mahali

Watu wengi wanatafuta pa tambarare tu, wakipapata wanaona wamemaliza. Tambarare ni nzuri ila angalieni kwanza maji yanatuama wapi mwezi wa pili. Waulizeni kina mama wanaolima mpunga, wao wanajua kila bonde linavyokunywa maji. Udongo mwekundu wenye changarawe ndio dhahabu yenu, ule mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi uogopeni maana mvua moja tu unakuwa uji, na mchanga laini kama wa kule Newala unashika tairi hata ukiwa mkavu.

Halafu upepo. Huku kusini tuna kusi kuanzia kama Mei mpaka Septemba na kaskazi miezi ya mwisho na mwanzo wa mwaka, ila hiyo ni ya pwani, vilimani upepo unafuata bonde. Sisi tulifunga kitambaa kwenye mti mrefu na mwanafunzi wa darasa la sita akawa anaandika asubuhi, mchana na jioni kitambaa kinaelekea wapi, mwezi mzima. Ile karatasi rubani aliishika kama ameshika cheti.

Kama hakuna tambarare kabisa usikate tamaa, mteremko nao unafaa. Ndege inatua ikipanda mlima, ule mwinuko unaisaidia breki, na inaruka ikishuka. Viwanja vya namna hiyo vipo vingi sana Papua New Guinea, vimechimbwa na wanakijiji kwa mikono. Kile cha Lukla huko Nepal kilianza mwaka 1964 chini ya Edmund Hillary, yule aliyefika kilele cha Everest, ranwei yake ina mita 527 tu na imeinama karibu asilimia 12, ipo zaidi ya mita 2,800 juu ya bahari. Ila mjue kitu kimoja kikubwa: kwenye kiwanja cha mteremko chenye kilima mbele, rubani akishapita sehemu fulani akiwa anakuja kutua hawezi tena kughairi na kupaa, lazima atue. Kwahiyo mbuzi akikatiza dakika ile, au mtoto, hakuna njia ya pili. Hili mtalirudia kila mkutano mpaka watoto walijue kama wimbo.

Mteremko unapimwa na mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule unaoonyesha maji ndani. Pima kipande kwa kipande, jumlisha. Mita 12 kwenye mita 600 ni asilimia 2.

Miti ya mwisho wa ranwei ndiyo inayoleta ugomvi. Hesabu yake ni moja kwa ishirini, mti wa mita 10 uwe mbali mita 200 kutoka mwisho wa kiwanja, mwembe wa mita 15 uwe mita 300. Mwembe wa bibi mmoja ulituchukua miezi mitatu ya kubembeleza, na alikuwa na haki, mumewe kazikwa chini yake. Mwishowe tulisogeza ranwei nzima kuelekea juu, mwembe ukabaki.

Hatua ya 3. Urefu, na hesabu ambayo kila mwanakamati aijue

Swali la kwanza la watu ni mita ngapi zinatosha. Jibu ni kwamba inategemea na ndege, urefu wa mlima, joto, nyasi na mzigo, na vyote vinazidishana. Marubani wanazo kanuni zao za haraka: kila futi 1,000 za mwinuko juu ya bahari ongeza asilimia 10 ya umbali wa kuruka, kila nyuzi 10 za joto kupita kawaida (ile ya vitabu vya marubani, sio ya kijijini kwenu) ongeza 10 nyingine, nyasi kavu fupi kwenye ardhi ngumu ongeza 20, nyasi mbichi zenye maji ongeza 30, kupanda mlima wa asilimia 2 ongeza 10, ardhi laini 25 au zaidi.

Chukua mfano wa ndege ambayo usawa wa bahari inahitaji mita 500 mpaka kuvuka miti. Mkiwa futi 2,000 inakuwa 605. Joto likizidi kawaida kwa nyuzi 20, na huku kwetu saa sita mchana linazidi kweli, inakuwa kama 730. Weka nyasi kavu, inafika karibu 880. Na hapo bado hujaweka akiba ya usalama. Ndio maana mtu akikwambia ndege ileile ilitua kwenye mita 500 huko kwao usikimbilie kupima 500 na wewe, na ndio maana rubani anataka kuondoka asubuhi, sio kwamba ana haraka ya kwenda kunywa chai.

Sisi tulichimba mita 800 kwa upana wa mita 20, pembeni kote tukasafisha zaidi. Zenu atawaambia rubani wenu.

Hatua ya 4. Kazi ya mikono

Mvua zetu ni msimu mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Kwahiyo ardhi mnaishika Juni mpaka Septemba, Oktoba watu wanaingia kwenye korosho humpati mtu. Na miezi hiyohiyo alfajiri watu wanapulizia dawa mikorosho, basi msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, uanze saa tatu, wameshatoka shambani na wameshakula kitu. Mkianza saa kumi na mbili mtagombana bure na mtapata wazee peke yao.

Kwanza kufyeka, halafu visiki. Kisiki hakikatwi juu, kinang'olewa na mizizi yake yote, maana mzizi ukioza baada ya miaka miwili unaacha shimo chini ambalo hulioni mpaka tairi la mbele litumbukie. Kila shimo la kisiki lijazwe udongo kidogo kidogo, ushindiliwe, maji, ushindiliwe tena. Vichuguu navyo hivyohivyo, vunja mpaka chini kwenye mashimo yake, ila ule udongo wa kichuguu msiutupe, ukilowekwa na kushindiliwa ni mgumu kama saruji, sisi tulifunikia nao sehemu zote za mchanga.

Katikati ya ranwei pawe juu kidogo kuliko pembeni, kama mgongo wa samaki, na mitaro iwe nje kabisa ya eneo la matairi. Kiwanja kinauawa na maji kuliko kitu chochote kile.

Kushindilia: kama kuna trekta sawa, kama hakuna mnavuta gogo zito kwa kamba watu kumi na tano, huku na huku. Ila nakwambia kitu kilichotusaidia kuliko gogo ni ngoma. Wale wa Lukla ardhi ilipokuwa laini Hillary aliwaweka Washerpa, wenyeji wa kule, wakacheza wakikanyaga, na mimi nilipoisikia hii habari nikaipeleka kwa wazee wetu, wakacheka, halafu mzee mmoja akasema mbona hiyo ndiyo kazi tunayoijua. Jioni mbili mfululizo baada ya kumwagia maji, watu wazima na watoto wamejipanga mistari wanakanyaga kwenda juu na kurudi, vumbi mpaka kiunoni, bibi zetu wa miaka sabini wamo. Kipande kile mpaka leo ndicho kigumu kuliko vyote.

Hatua ya 5. Alama na soksi

Pembeni pande zote mbili weka mawe makubwa yaliyopakwa chokaa, kila mita 50, yakae sawa na ardhi yasiinuke, tairi likitoka lipite juu yake bila kupasuka. Yaandikeni namba. Watu wanaona namba ni urembo lakini itakuja kukusaidia, mtu akisema kuna shimo jiwe la saba kushoto kila mtu anajua ni wapi. Nusu ya ranwei pawe na alama ya peke yake inayoonekana kwa mbali, maana rubani anapoondoka, akifika nusu hajafikisha asilimia 70 ya mwendo wa kuruka anakata moto na kusimama. Alama hiyo ikikosewa mita 50 mmemdanganya.

Soksi ya upepo alitushonea fundi cherehani wa kijijini. Urefu usipungue mita 3.6, mdomo kama sentimita 90, mwisho mwembamba. Mdomo alitumia duara la nondo nyembamba tulilokunjiwa na mtu wa kuchomelea, akalizungushia kitambaa mara mbili na kushona kwa uzi wa nailoni, na akaacha vitobo vinne vya kufungia kamba. Ya kwanza tulitumia shuka, ikaoza msimu mmoja, ya pili turubai, nzito mno, upepo mdogo haikuinuka kabisa na soksi isiyoinuka inamwambia rubani hakuna upepo wakati upo. Ya tatu ni kitambaa chepesi cha mwavuli, cha rangi ya chungwa. Hiyo ndiyo tunayo.

Hatua ya 6. Kujaribu

Tafuteni gari, hata la kukodi, likimbie kiwanja chote kwa mwendo wa 60 mpaka 80 dereva akiwa na kikombe cha maji kwenye kiti cha pembeni. Likiruka ruka maji yakamwagika, bado. Halafu rubani akague kwa miguu, na safari ya kwanza aje mtupu bila mzigo. Akisema hapana mkubali, msimwonyeshe mgonjwa ili aone huruma.

Hatua ya 7. Asubuhi ya ndege

Hapa ndipo nataka msome taratibu. Mkishajenga, kiwanja si cha mwenyekiti wala cha kamati, ni cha yule mtu mmoja anayeamka alfajiri na kukitembea chote. Rubani akiwa angani haoni shimo la panya, haoni kama udongo umelowa chini. Anaona kupitia macho yako.

Mimi niliwahi kukosea. Ilikuwa Machi, mama mmoja kajifungua usiku na damu haikati, nesi wa zahanati anapiga simu huku analia, rubani akaniuliza kiwanja kikoje, nikamwambia kikavu. Nilikuwa nimetembea mpaka jiwe la nane tu. Haraka, hofu, na juu kote kulikuwa kukavu kweli. Huko chini jiwe la kumi na tatu mtaro ulikuwa umeziba kwa majani na maji yamepita juu. Ndege ilitua salama, ikageuka pale chini kujiandaa, tairi la kushoto likazama mpaka kwenye ekseli. Kwa muda wa masaa mawili na dakika ishirini tulichimba na kuweka mbao, vijana arobaini wanasukuma, na yule mama yupo kwenye machela chini ya bawa, kitenge kimeloa, mama yake amemshika kichwa na hasemi neno. Aliishi, Mungu ni mwema, na mtoto sasa yupo darasa la pili. Lakini kila nikimwona yule mtoto anapita na begi lake naikumbuka ile sauti yangu ikisema kikavu.

Kwahiyo tembea chote, kwenda upande mmoja kurudi upande wa pili. Kanyaga na kisigino kwa nguvu kila jiwe, kikizama sema kimezama. Tafuta mashimo ya panya, na hapa niongee na vijana wenzangu, panya ni kitoweo chetu na hakuna anayekataza, ila kuchimba panya ndani ya mawe meupe ni marufuku, kwetu faini yake ni siku tatu za kufyeka nyasi. Angalia na mashimo ya muhanga, yule anachimba usiku mmoja shimo la kumeza tairi zima.

Ukipiga simu sema hivi: urefu unaotumika leo, pakavu au palipolowa na ni jiwe la ngapi, nyasi zinafika wapi kwenye mguu wako, soksi inaelekea wapi na imejaa au imelala, na mawingu. Mawingu usiseme ni mengi, sema kile kilima cha mashariki kilele nakiona au sikioni. Ikibadilika piga tena. Na usimwambie rubani njoo tu, mgonjwa ana hali mbaya. Hali ya mgonjwa anaiongea nesi, wewe unaongea ardhi. Ukichanganya hivyo viwili unamlazimisha mtu kutua pasipotulika.

Dakika thelathini kabla, mifugo nje, mgambo wawili kila mwisho, bodaboda zote zizimwe. Majani mabichi kidogo yachomwe pembeni yatoe moshi kuonyesha upepo, moto mkubwa hapana.

Hatua ya 8. Ndege ikishatua

Hakuna mtu kusogea mpaka propela isimame kabisa na rubani ashuke mwenyewe aite. Propela ikizunguka haionekani, mtoto anaona uwazi. Wanaobeba machela wanapita nyuma ya bawa, kamwe sio mbele.

Halafu mzani. Tunatumia ule wa korosho wa chama cha msingi, unakuja kwa toroli. Kila anayepanda anapimwa na kila begi linapimwa, na anayeona aibu apimwe peke yake pembeni na mama wa kamati. Shemeji zangu wanapenda kuficha kilo tano za unga kwenye begi la mgonjwa wapelekee ndugu wa mjini, tafadhali acheni, ukizidisha uzito kwa asilimia 10 umbali wa kuruka unaongezeka asilimia 20. Rubani akisema wa kumsindikiza mgonjwa ni mtu mmoja tu basi ni mmoja, ukoo ukae uamue ni nani kabla ndege haijafika, sio mnagombana mlangoni propela imesimama na jua linapanda.

Nesi amwambie rubani kila kitu kuhusu mgonjwa, hasa kama kaumia kifua, maana ukipanda juu hewa inatanuka na kwa mwenye hewa iliyoingia nje ya mapafu ni hatari. Rubani anaweza akaamua kuruka chini chini.

Hatua ya 9. Kuondoka

Kabla ya saa nne asubuhi ndio vizuri. Jua likishika, hewa inakuwa nyepesi na upepo wa bonde unaanza kupanda na kushuka hovyo. Upepo wa kutoka nyuma, hata ule mdogo wa noti tano au sita (kama kilomita kumi kwa saa), unaweza kuongeza umbali kwa asilimia 20, kwahiyo soksi ikigeuka wakati injini inawaka mpungie rubani mikono yote miwili na umwonyeshe, hatakasirika. Watu wote wabaki upande mmoja, mita 50 kutoka kwenye mawe, na wasikimbilie katikati kupunga mkono. Wabaki hapohapo mpaka hamsikii mlio, maana anaweza kurudi.

Ikishaondoka wengi wanaenda nyumbani, watu wanne wanabaki. Mnatembea tena, mnajaza alama za matairi zingali mbichi, mnafungua mitaro. Kila kitu kinaingia kwenye daftari: tarehe, saa ya kutua, saa ya kuondoka, kilo, shimo jiwe la ngapi na nani kalijaza. Kalamu yetu tumeifunga kwa uzi kwenye daftari lenyewe, kwasababu ikikosekana mtu anasema ataandika kesho, na kesho hakumbuki tena kama lilikuwa jiwe la saba au la tisa.